Rangi Nilizomnyang'anya Mdogo Wangu

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, siku ambayo saluni huwa na wateja wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nilifungua mlango saa mbili asubuhi, nikafagia nywele za jana, nikasali sala yangu fupi ya kumkabidhi Mungu kazi, kisha nikakaa kwenye kiti cha mteja mbele ya kioo. Mama Pacha, msusi ninayeshirikiana naye chumba, alikuwa karibu na mlango anachambua rasta na kuwalalamikia watoto wake wawili, ambao kwa maneno yake walikuwa na mapepo yanayopokezana zamu. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sakafu. Hapakuwa na kitu cha kumshtua mtu.

Nikavuta droo, nikatoa paleti ya rangi za macho. Kwa asiyeijua, ni kikasha chembamba cheusi, ukikifunua kuna kioo kidogo upande wa juu, na chini vidonge kumi na viwili vya rangi, kila kimoja kwenye kishimo chake: samawati, zambarau, chungwa, waridi, dhahabu, kijani kama cha manyoya ya kasuku, na nyingine ambazo hata majina yake siyajui. Mimi napamba maharusi. Rangi mpya simpaki mteja kabla sijaijaribu kwangu. Najipaka jicho moja tu, nashinda nayo mpaka jioni, nione kama inawasha au inapukutika. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa na mwanamke aliyenitia katika kazi hii. Kanuni ya pili ni kwamba kitu kilichokwenda na maiti hakirudi kwa walio hai. Hata brashi uliyompakia marehemu poda, inazikwa naye.

Ile ya pili niliivunja, na ndiyo sababu naandika.

Paleti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mdogo wangu, tumbo moja, na mdogo wangu alikuwa na wiki sita kaburini. Mtaa mzima ulimwita Kinyonga, maana kila siku alitoka na rangi nyingine juu ya macho. Alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya saruji na mabati, na mafundi walikuwa wakinunua misumari wasiyoihitaji ili tu waone leo Kinyonga ameamka na rangi gani. Nilimsema sana. Nilimwambia mwanamke mwenye mtoto hatembei hivyo. Yeye alicheka tu, akafumba macho makusudi nizione vizuri.

Alipougua figo alidhoofika haraka. Wiki ya mwisho, kitandani hospitalini, alinivuta mkono akaninong'oneza, "Dada, usije ukanizika uso mtupu. Nipake rangi zangu."

Nikamwambia aache maneno hayo.

"Niahidi."

Nikaahidi. Mungu ni shahidi.

Siku ya kumwandaa, wanawake wenzangu wa kanisani walikuwepo chumbani. Mmoja wao, mwenye sauti, alisema huyu anakwenda kwa Muumba wake, haendi harusini. Wengine wakaitikia. Mimi mwenye ujuzi, mimi niliyeahidi, nikampaka poda tu na kurudisha brashi kwenye mkoba. Nilijisemea kwamba ni kumcha Mungu. Haikuwa kumcha Mungu; niliogopa midomo ya watu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Macho yake hayakufumba sawasawa. Niliyabana kwa vidole, nikahesabu mpaka mia, nikaachia. Yakafunguka tena, kidogo tu, kama ya mtu anayekusikiliza.

Mtoto wake, msichana wa miaka saba, tunamwita Kisauti kwa jinsi anavyosema kama anayehofia kuamsha watu. Kabla jeneza halijafungwa alisogea na ile paleti, akaisukuma chini ya kiganja cha mama yake, akaniambia mimi peke yangu, "Mama mkubwa, atajipaka mwenyewe." Chumba kizima kililia. Watu wakatoka kuwapisha wabebaji. Nikabaki nyuma kunyoosha shuka. Na mkono wangu huu ukaingia chini ya kiganja kile, ukaitoa paleti, ukaitia mkobani, juu ya Biblia.

Tamaa. Rangi zile hazipatikani huku kwetu, na msimu wa harusi ulikuwa unakaribia. Nilijiambia ni dhambi kuzika kitu kizima kinachofaa.

Basi Jumanne ile nikajipaka kijani, jicho la kushoto. Ilishika vizuri, laini kama vumbi la kipepeo. Mama Pacha aliniangalia akasema nimekuwa kama taa ya barabarani, upande mmoja unaruhusu magari. Tukacheka. Nikaendelea na kazi.

Saa saba tulikaa kula. Nikafumba macho niombee chakula.

Upande wa kulia ulikuwa giza, kama ilivyo kwa kila mtu anayefumba macho. Upande wa kushoto haukuwa giza. Niliona saluni. Niliona meza, sahani mbili, Mama Pacha akikuna kichwa kwa kitana. Niliona mwanga wa jua sakafuni. Na nyuma ya Mama Pacha niliona mwanamke amenipa mgongo, mikono ameinyoosha mbele, anapapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi.

Nikafumbua. Ukuta mtupu.

Mama Pacha akaniuliza kama nabariki sahani mbili au naombea dunia nzima, maana chakula kinapoa. Nilikwenda kwenye beseni nikajifuta jicho mpaka likawa jekundu, nikajiambia ni uchovu na majonzi. Gauni lile nililijua. Mimi ndiye niliyemvalisha.

Ningeitupa paleti siku hiyo, yaliyofuata yasingetokea. Sikuitupa.

Alhamisi alikuja bibi harusi mmoja, mwalimu wa watoto wadogo, kujaribu mapambo kabla ya siku yake. Akaiona zambarau, akaipenda papo hapo. Nikasita kidogo, kisha nikakubali. Katika kazi yetu maneno ni mawili tu: fumba, fumbua. Mteja akifumba unapaka, akifumbua unatazama kama macho yamelingana. Nikamwambia fumba. Nikampaka la kulia, nikasogea kuchukua brashi nyingine.

"Dada," akasema kwa upole, "huyo mwenzako aliyekushika bega ni nani?"

Nikageuka. Mama Pacha alikuwa nje anaanika mataulo.

"Yupi?"

"Huyo hapo. Mbona hapepesi m..."

Akanyamaza. Alikuwa amekumbuka kwamba amefumba.

Aliinuka, akavua kitambaa shingoni, akaondoka na jicho moja la zambarau bila kuaga. Mama Pacha aliporudi alisema ni wasiwasi wa ndoa, yeye mwenyewe wiki ya harusi yake alitapika mara mbili kwa kumwona tu mkwe. Nikaitupa paleti kwenye droo ya chini kabisa, nikafunika na mataulo. Bega langu la kushoto lilikuwa zito mpaka jioni.

Kisauti, ambaye tangu msiba aliishi nami, alikuwa akitoka shule anakuja saluni, anafanyia kazi zake za shule kwenye mkeka kando ya kiti changu mpaka tufunge. Ijumaa nilikuwa na wateja watatu kwa mpigo, sikumtupia jicho. Nilipogeuka alikuwa amesimama katikati ya chumba. Macho yamefumbwa. Juu ya kila jicho rangi ya dhahabu, imepakwa kwa kidole, kitoto, imefika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anatabasamu. Tangu tumzike mama yake sikuwa nimemwona akitabasamu.

Akaanza kutembea. Akapita kati ya viti viwili, akainama chini ya waya wa draya, akakwepa beseni, akazunguka miguu ya mteja. Hakugusa kitu. Hakufumbua hata mara moja. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuinua kidogo pembeni, vidole vimekunjwa, kama mtoto aliyeshika nguo ya mtu mzima.

Wateja wakamsifu kwa kuigiza.

Mimi nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwamba mtoto ameifukua paleti na kuitambua, kwa hiyo amejua mwizi ni nani. Na kwamba hakuwa anaigiza.

Nyumbani nilimfuta kwa mafuta. Pamba ikatoka nyeupe. Nikachukua nyingine. Nyeupe. Dhahabu ilikuwa pale pale juu ya macho yake, inang'aa, na pamba kumi zilikuwa safi kama zimetoka dukani.

Nikamwambia afumbue. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza anaumwa. Hapana. Nikamwuliza basi kwa nini.

"Nikifumbua anapotea," akasema.

Jumamosi nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alijaribu kuinua kope kwa kidole, zikakataa. Alisema hakuna uvimbe wala usaha, zimetulia tu kama za mtu aliyelala, na kwamba watoto wenye msiba hufanya mambo, nimpe muda. Jumapili nilimpeleka kwa mama mchungaji, akamwombea kwa machozi. Nilimweleza mama wa watu kila kitu, isipokuwa cha jenezani. Hapo niliruka. Sala gani itapanda juu wakati anayeileta ameficha kitu kwapani? Tulirudi kama tulivyokwenda, mtoto anatembea mbele yangu barabarani, macho yamefumbwa, anaruka madimbwi.

Tangu Ijumaa hakuwa amekula. Maji alimeza kidogo kwa kubembelezwa. Jumatatu viganja vyake vikawa baridi. Nilimpakata, nikamsemesha polepole, nikamwuliza mama anasema nini.

"Anasema nirudi."

"Basi rudi, mwanangu."

"Sitaki. Nimemshika gauni."

Nikamwuliza mama yuko wapi sasa hivi. Akasema yupo hapa, hawezi kuondoka, anatafuta kitu chake, anapapasa kila mahali. Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake ndogo, "Amechoka, mama mkubwa. Anataka kulala. Hawezi kufumba macho."

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Nilielewa. Mdogo wangu hakuwa amekuja kunidhuru, wala kumchukua mtoto. Nilimpeleka kaburini macho wazi. Na mtoto, kwa rangi zile zile, amemwona mama yake na hataki kumwachia. Mmoja hawezi kwenda, mwingine hataki kurudi, na katikati yao mwili wa mtoto unapoa. Zingepita siku mbili zaidi ningekuwa nimezika wawili.

Jumanne asubuhi nilikwenda saluni, sikugeuza kibao cha mlangoni. Nilimwambia Mama Pacha kila kitu, cha jenezani nikianza nacho. Aliziweka chini rasta alizokuwa akichambua. Mwisho akasema kuwa kama ningekuwa dada yake angenipiga, lakini kwa sasa atasimama mlangoni asiingie mtu.

Nikapiga magoti mbele ya Kisauti kwenye mkeka. Nikamwambia, mimi niliichukua. Ulimpa mama, mimi nikaichukua. Akasema, "Najua."

Nikajipaka dhahabu, macho yote mawili. Nikasema, Bwana nirehemu. Nikafumba.

Chumba kilikuwa kile kile. Mwanga ule ule. Kisauti kwenye mkeka, mkono juu. Na mbele yake mdogo wangu, amesimama, poda yangu ingali usoni. Macho yake yalikuwa wazi. Makavu. Hayakupepesa. Yalinitazama kama mtu anayetazama kupitia moshi, anajua upo, hajui uko wapi.

Nikakishika kiti, nikakigeuza kuelekea kwake. Nikapiga mgongo wa kiti kwa kiganja, kama ninavyowaita wateja.

Alikaa.

Mama Pacha ananiambia mpaka leo kwamba aliona kiti kitupu, na mimi macho nimefumba nimekiinamia. Lakini anasema mto wa kiti ulibonyea.

Nilimwonyesha paleti. Kidole chake kilipita juu ya vidonge polepole, kikasimama kwenye samawati. Kisha zambarau. Alikuwa na jicho zuri la rangi, siku zote, na sikuwahi kumwambia. Nikachukua brashi. Ili mkono usitetemeke, mpambaji huegemeza kidole chake cha mwisho kwenye shavu la mteja. Nikaegemeza. Baridi ile sina maneno yake. Haikuwa kama ya barafu wala ya maji. Ilikuwa kama ya kitu ambacho hakijawahi kuguswa na mtu.

Nikampaka. Samawati kwenye kona ya ndani, zambarau nje, nikaziunganisha katikati pasionekane mpaka. Sijawahi kumpamba mtu kwa uangalifu ule. Na nilipokuwa napaka nikamwambia yote: midomo ya watu, mkoba, Biblia. Maiti hasemi. Lakini kichwa alikituliza.

Nilipomaliza jicho la kwanza, sauti ndogo ikatoka chini.

"Mama mkubwa. Usimfumbe."

Nikaendelea na la pili.

"Mwache anitazame. Mimi sitamsumbua. Nitashika gauni tu."

Machozi yalinitoka chini ya kope zilizofungwa, na brashi haikuacha mstari. Nilimwambia aachie. Hakuachia. Nikamwambia nikimfumba mama umeshika gauni, utakwenda naye. Akasema sawa. Mtoto wa miaka saba. Alisema sawa.

Hapo nikaona mkono wa mdogo wangu ukishuka kutoka pajani. Ulifika kwenye ngumi ya mwanawe. Ukakifungua kidole cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Bila haraka, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Vyote vilipofunguka ukakaa juu ya kichwa chake, muda wa pumzi moja, ukarudi pajani.

Kisha mdogo wangu akanielekezea uso, akasubiri.

Nikasema, "Fumba."

Akafumba.

Ikawa giza. Pande zote mbili, giza la kawaida, la mtu yeyote aliyefumba macho. Nikauzuia ulimi wangu usifuate mazoea, usiseme lile neno jingine ninalolisema kila siku ya kazi. Sikulisema.

Nilipofumbua, Kisauti alikuwa ananitazama. Macho meusi, safi, bila chembe ya dhahabu. Akaangalia kiti. Akaangalia mkono wake uliofunguka. Halafu akalia, kilio kikubwa, cha sauti yote, kile ambacho hakukilia siku ya mazishi, na hakikuwa kilio cha mtoto aliyepona. Kilikuwa cha mtoto aliyefiwa mara ya pili, na safari hii nimefanya mimi. Mama Pacha alimnyanyua akamzungusha chumbani mpaka alipolala kwa uchovu.

Mchana ule ule nilikwenda kaburini nikachimba kwa mikono, nikazika paleti na brashi. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wanawake wenzangu nikasema nilichofanya. Wapo waliolia nami. Wapo ambao hawanipi mkono hadi sasa, na siwalaumu.

Kisauti anakula. Anasoma. Ana miaka minane. Aliniuliza mara moja tu kwa nini niliichukua, nikamjibu ni tamaa, akasema "Haya," akarudi kwenye daftari lake. Kama amenisamehe hajaniambia, nami sijathubutu kuuliza.

Nimeacha kupamba maharusi, nasuka tu. Si kwa kupenda. Ni kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kulia. Tangu siku ile hakijapata joto. Vingine vinne ni vya kawaida, hicho ukikigusa unaondoa mkono. Daktari amekichoma sindano, damu inatoka, hakiumi, haoni tatizo. Wateja walikuwa wakirudisha uso nyuma kila nikikiegemeza, wengine wakiniuliza nimeshika nini. Nimekiloweka kwenye maji ya moto, nimekiweka juani, nimekiombea. Baridi ni ile ile.

Isipokuwa mchana, mtoto akitoka shule. Hujilaza kwenye mkeka, huchukua mkono wangu, hukunja vidole vinne pembeni, na hicho kimoja hukiweka shavuni kwake. Hata mteja awe anasubiri, siutoi. Kisauti hulala mara moja.

Na hapo tu, kwenye shavu lile, ndipo kidole hupata joto.